Shajara ya mradi: njia za kuingia na kutoka katika duka kubwa la Kisauni

Kiwanja ni hekta 2.1, upande wa bahari wa barabara ya Mombasa–Malindi, ndani ya Kisauni. Kinachopendekezwa ni duka moja kubwa lenye eneo la mauzo la mita za mraba 6,000, maegesho ya magari 240, ghala nyuma na gati la kushushia mizigo. Jina la mwenye duka halitajwi humu. Shajara hii inafuata jambo moja: gari, tuktuk, bodaboda na mtu wa miguu watafikaje mlangoni bila kuifunga barabara kuu.

Wiki ya 1: Upande wa bahari

Kenya tunaendesha kushoto. Gari linaloshuka kutoka Mtwapa kwenda mjini lina bahari mkono wake wa kushoto, kwa hivyo linaingia kiwanjani bila kukata njia ya mtu. Linalotoka mjini lina kiwanja kuliani, na lazima livuke mkondo unaokuja. Kuanzia saa kumi na moja jioni mkondo mzito ni wa watu wanaotoka kisiwani kurudi makwao kaskazini. Hao ndio wanaopitia dukani kununua unga na mafuta kabla ya kufika nyumbani, na hao ndio walio upande usiofaa. Kiwanja cha ng'ambo kingeliondoa nusu ya tatizo, ila kilichonunuliwa ni hiki.

Shajara hii ilipoandikwa, barabara yenyewe ilikuwa katika mpango wa kupanuliwa kuwa njia nne zenye ukingo wa kati. Kila mchoro hapa kwa hiyo unatolewa mara mbili: wa barabara ya njia mbili, na wa barabara iliyopanuliwa. Lango lililobuniwa kwa hali ya leo pekee litafungwa siku ukingo wa kati utakapojengwa, na mwenye duka atabaki na kisiwa cha zege kisichoelekea popote.

Mpaka wa hifadhi ya barabara (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara) umepimwa upya kwa kufuata vigingi na ramani za upimaji. Ukuta wa jirani haukutumiwa kuwa alama, kwa sababu kuta nyingi kando ya barabara kuu zimesogea kuelekea lami mwaka hadi mwaka. Mchoro wa kwanza wa msanifu uliweka kibanda cha mlinzi, bango na mti wa geti (ule unaoinuka kupitisha gari) juu kabisa ya mstari wa mpaka. Vyote vimeondolewa hapo. Sababu iko katika wiki ya tano.

Wiki ya 2 na ya 3: Kuhesabu

Zimechaguliwa siku tatu: Jumanne, Ijumaa, na Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara. Jumanne inaonyesha hali ya kawaida. Ijumaa adhuhuri barabara hulegea wakati wa swala, kisha hufurika kwa mpigo mmoja. Jumamosi ya mishahara ndiyo siku duka litakapojaa, na mpango wote unapimwa kwa siku hiyo. Ndani ya Ramadhani hatuhesabu: watu hukimbilia futari kabla ya magharibi, halafu maduka hufufuka baada ya tarawehe, na picha inayopatikana haifanani na miezi mingine kumi na mmoja. Likizo ya Desemba nayo imeachwa, kwa kuwa magari ya wageni kutoka bara huijaza barabara ya hoteli.

Kuhesabu ni kwa vipande vya dakika 15, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Fomu ina safu za gari dogo, matatu, basi, tuktuk, bodaboda, lori la ekseli mbili, lori kubwa, semitrela, baiskeli na mkokoteni. Mkokoteni mmoja uliojaa mitungi ya maji unapunguza mwendo wa njia nzima kwa mita mia kadhaa, na fomu zilizochapwa ng'ambo hazina safu yake. Anayehesabu pande mbili peke yake huanza kukadiria baada ya muda mfupi, na bodaboda ndizo za kwanza kupotea kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu mmoja anahesabu upande mmoja, anapumzishwa, na kamera iliyofungwa juu ya mlingoti inatumika kuhakiki saa moja kati ya kila saa tano.

Kitu kingine kinachoandikwa ni muda ambao matatu inasimama na sehemu ya lami inayozibwa. Idadi ya matatu peke yake haitoshi. Matatu kumi zinazosimama sekunde kumi nje ya lami hazidhuru. Mbili zinazosubiri abiria huku nusu ya bodi iko barabarani zinapunguza uwezo wa njia kuliko semitrela.

Viwango vya safari vya vitabu vya Marekani, yaani idadi ya magari ambayo duka la ukubwa fulani huvuta, havikutumika moja kwa moja. Vinachukulia kwamba karibu kila mnunuzi anakuja na gari lake. Badala yake tumeanzia kwenye maegesho: nafasi 240, mnunuzi akikaa dakika 48 kwa wastani, uwanja uliojaa unapokea magari 300 kwa saa na kutoa 300. Zaidi ya hapo hayana pa kukaa. Hiyo ndiyo dari, na lango linabuniwa kwa dari.

Wiki ya 4: Kutoka kwa kukata kulia

Hesabu hii ndiyo iliyomaliza ubishi mrefu na mwenye mradi, aliyetaka lango moja la kuelekea pande zote. Tuchukue saa ya msongamano kwenye barabara ya njia mbili: magari 900 yakishuka kwenda mjini na 1,000 yakipanda kwenda Mtwapa, jumla 1,900. Dereva anayetoka dukani kwenda Mtwapa lazima apate mwanya katika mikondo yote miwili kwa wakati mmoja. Anahitaji mwanya wa kama sekunde 7.1, na wa nyuma yake sekunde 3.5 zaidi. Ukiziweka katika kanuni ya kawaida ya makutano yasiyo na taa, jibu ni magari 53 kwa saa. Asilimia 40 ya wanaotoka wakitaka upande huo, ni magari 120. Foleni inaongezeka kwa magari 67 kila saa, na iko ndani ya maegesho, ikiwazuia hata wanaokwenda mjini.

Kinachotokea kweli ni kibaya kuliko hesabu. Dereva akichoka hujitosa kwenye mwanya wa sekunde nne. Au mlinzi wa duka, mwenye fulana ya kung'aa, huingia barabarani na kusimamisha magari kwa mkono, kazi ambayo hana mamlaka nayo wala mafunzo yake.

Uamuzi: kutoka ni kushoto tu, kuelekea mjini, wa Mtwapa watageukia kwenye mzunguko. Kisiwa cha pembetatu mdomoni mwa lango kina kingo za milimita 150. Kisiwa peke yake hakitoshi, kwani bodaboda na tuktuk hukipita kwa pembeni. Mpaka barabara ipanuliwe, katikati yake kutakuwa na nguzo laini za mpira zilizofungwa kwa boliti, zikipangwa kwa urefu wa mita 40 na kuacha pengo la wanaoingia kulia pekee.

Kuingia kwa kukata kulia kumebaki katika mchoro wa barabara ya njia mbili, kwa sababu hapo dereva anavuka mkondo mmoja tu. Dhidi ya magari 900 uwezo wake ni kama 690 kwa saa. Sharti ni kuwe na njia ya kusubiria katikati, upana wa mita 3.25 na urefu wa kusubiri wa mita 60. Bila njia hiyo, gari moja linalongoja kukata linasimamisha wote wanaokwenda Mtwapa, na foleni inarudi nyuma kuelekea daraja la Nyali.

Kwa wanaoshuka kutoka Mtwapa kuna njia ya kupunguzia mwendo. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, kwa breki isiyomrusha abiria (mita 2 kwa sekunde ya mraba), ni mita 62. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na mita 25. Ukiibana hivyo, dereva anapunguza mwendo akiwa bado kwenye njia kuu, na wa nyuma yake hana habari.

Mwonekano kwa anayetoka: ataangalia kulia. Kwa mwanya wa sekunde 6.5 na mwendo halali wa 50 anahitaji kuona mita 90. Magari yakija kwa 80, mita 144. Tumetumia mwendo uliopimwa barabarani. Mkono huo wa kulia usiwekwe bango, mti wala kibanda cha M-Pesa ndani ya pembetatu ya kuonea. Miti ya mapambo ndiyo mkosaji wa kila mahali: inapandwa ikiwa na urefu wa goti, na baada ya mvua mbili imefika kimo cha kioo cha gari.

Wiki ya 5 na ya 6: Lango

Hapa ndipo maduka makubwa mengi ya Kenya yanapoifunga barabara, na kosa halimo barabarani. Tangu shambulio la Westgate mwaka 2013 ukaguzi wa magari langoni umekuwa jambo la kawaida: kioo chini ya gari, buti kufunguliwa, swali moja au mawili. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inachukua kama sekunde 25. Njia moja ya ukaguzi kwa hiyo inapitisha magari 144 kwa saa. Tiketi ya kubonyeza inachukua sekunde 8 hadi 10, yaani magari 360 hadi 450. Wanaonunua mashine za tiketi za bei kubwa ili kuharakisha lango wakati mlinzi na kioo chake wako hatua tatu mbele wametupa pesa. Mwendo wa lango ni mwendo wa mlinzi.

Magari 300 kwa saa hayaji kwa usawa. Dakika 15 zilizo nzito zaidi zinakuja kwa kasi ya 353 kwa saa. Njia mbili za ukaguzi zinapitisha 288. Katika dakika hizo 15 magari 16 yanabaki nje, na kila gari kwenye foleni linakula mita 7: mita 112. Foleni hiyo ikianzia kwenye mstari wa mpaka, alipotaka msanifu, yote iko juu ya barabara ya Malindi.

Njia tatu zinapitisha 432. Foleni haikui bila kikomo, lakini haitoweki, kwani magari huja kwa mafungu. Kwa wastani yanangoja magari matatu; ukitaka foleni itoshee mara 95 kati ya 100, andaa nafasi ya 12 yanayongoja na matatu yanayokaguliwa. Ni magari 15, mita 105, au mita 35 kwa kila njia. Tumeweka ukaguzi mita 60 ndani ya kiwanja na njia tatu kuanzia mdomoni. Zilizozidi ni za siku ya mkesha wa Idd, na za yule dereva atakayesimama kumuuliza mlinzi kama duka lina maegesho ya kivuli.

Mwenye mradi alipoteza nafasi 14 za kuegesha kwa kulisogeza lango. Alipinga. Jibu lilikuwa kwamba gari lisiloweza kuingia halihitaji nafasi, na nafasi hizo zimepatikana nyuma kwa kuondoa bustani isiyo na mtu wa kuimwagilia.

Baada ya ukaguzi, mita 30 za kwanza hazina nafasi za kuegesha. Gari moja linalorudi nyuma kutoka nafasi iliyo karibu na geti husimamisha njia zote tatu. Nafasi za walemavu, zenye upana wa mita 3.6, zimewekwa karibu na mlango wa duka. Sehemu nyingine mara nyingi huziweka karibu na geti, ambako zinapendeza kwenye picha tu. Nafasi za kawaida ni mita 2.5 kwa 5, njia kati yake mita 6. Safu zinaelekea dukani, ili mwenye troli atembee kando ya magari badala ya kupenya katikati yake. Vituo vya troli viko kila mita 40. Vikiwa mbali zaidi, troli huachwa kwenye nafasi za magari na uwanja wa 240 unageuka wa 225.

Kutoka: malipo ya maegesho hayafanywi kwenye mti wa geti. Dereva anayetoa simu, kuandika namba ya M-Pesa na kungoja ujumbe anachukua sekunde 40 mtandao ukiwa mzuri, yaani magari 90 kwa saa kwa njia moja. Malipo yako ndani, kando ya kaunta na kwenye mlango wa duka, na geti linasoma tiketi iliyokwisha kulipiwa. Njia mbili za kutoka zinatosha kwa hali hiyo. Umeme ukikatika, miti ya geti ya kutoka ijiinue yenyewe. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba wa mashine, si kwenye maelekezo ya mlinzi.

Wiki ya 7: Matatu, tuktuk, bodaboda, miguu

Steji ya matatu haiwekwi kulia kwa lango. Matatu ikisimama hapo inamziba macho anayetoka, na anayetoka ndiye atakayegongwa. Imewekwa baada ya lango, kushoto kwake, nje ya lami: urefu wa mita 45 wa kusimama pamoja na miinamo ya kuingilia na kutokea, upana mita 3.5. Zege badala ya lami, kwa sababu magurudumu yanayosimama na kuondoka mahali pamoja huivuruga lami kwenye joto la pwani, na dizeli inayodondoka huilainisha.

Matatu haiendi inakoelekezwa na kibao. Inasimama abiria walipo. Njia ya miguu kutoka mlango wa duka kwa hiyo inafika kwenye steji moja kwa moja, upana mita 3, kivuli cha mabati juu, na haipiti kwenye lango la magari. Ikiwa njia fupi zaidi itakuwa ile ya lango, watu watasimama langoni, na matatu zitawafuata hapo.

Tuktuk zimepewa nafasi 20 ndani, mita 1.6 kwa 3, kwenye upande wa mlango wa kutokea wenye mifuko. Hazilipi maegesho. Zikitozwa hata shilingi ishirini zitapanga mstari nje, kwenye njia ya kupunguzia mwendo, na zile mita 62 zitakuwa steji ya tuktuk. Zina njia yao pembeni, isiyo na mti wa geti, na mlinzi wake. Bodaboda 30 zina banda karibu na hapo. Chama cha madereva wa eneo kimeitwa kabla ya mchoro kufungwa. Wakiletewa banda lililokwisha kujengwa mahali wasipopataka, litakuwa la kuanikia nguo.

Kuvuka barabara: njia nne za mita 3.5 ni mita 14, na kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ni karibu sekunde 12. Mama mwenye mtoto na mfuko wa kilo kumi anachukua zaidi. Ukingo wa kati wenye upana wa mita 2 unagawa safari hiyo mara mbili. Kivuko ni cha kuinuliwa, na taa zake ziwe juu ya watu wanaovuka. Taa zikiachwa kando mbali, mtu anaonekana kama kivuli. Daraja la miguu lilipendekezwa na halikukubaliwa: bila uzio mrefu pande zote mbili watu hupita chini yake.

Wiki ya 8: Malori

Mizigo mingi itatoka maghala ya Changamwe na Miritini. Njia ya karibu inaingia kisiwani kwa Makupa na kutoka kwa daraja la Nyali, pamoja na kila mtu mwingine. Njia ya pili inazunguka kwa Mariakani, Kaloleni na Mavueni, kisha inashuka kutoka upande wa Kilifi. Ni ndefu mara kadhaa, lakini inafika ikiwa upande sahihi wa barabara. Hilo lina uzito baada ya upanuzi: semitrela inahitaji duara la nje lenye nusu kipenyo cha mita 12.5, yaani mita 25 kwa jumla, na hakuna pengo la ukingo wa kati litakaloipa nafasi hiyo. Itakwenda mpaka mzunguko wenye ukubwa wa kutosha au ije kutoka kaskazini.

Ratiba: semitrela kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mkate, maziwa na mboga huja na malori madogo kabla ya saa moja asubuhi.

Lango la malori liko kusini mwa kiwanja, peke yake. Upana wa mdomo ni mita 9, kimo huru mita 5. Mbele ya gati kuna uwanja wa zege wa mita 34, ambamo semitrela ya mita 17 inaweza kurudi kinyumenyume na kujipanga kwa mara mbili au tatu. Gati lina kimo cha mita 1.2. Uwanja unainama kidogo kutoka kwenye gati; ukiinama kuelekea gatini, maji ya mvua yatasimama chini ya mlango wa ghala na sehemu ya juu ya trela itagonga ukuta kabla ya nyuma yake kufika. Lango hili ndilo njia ya pili ya gari la zimamoto, kwa hiyo halifungwi kwa kufuli lenye ufunguo mmoja.

Wiki ya 9: Maji

Malango mawili yanavuka mtaro wa barabara. Kalvati ni mabomba ya milimita 900, au zaidi ikiwa la juu yake ni kubwa zaidi. Bomba jembamba kuliko la jirani wa juu linahamishia mafuriko ya masika kwenye duka la jirani huyo. Kila upande kuna shimo la kusafishia lenye wavu wa chuma. Mifuko na makopo huziba kalvati mwezi wa Aprili, na lisilo na pa kuingilia halisafishwi. Mchanga na mawe ya matumbawe ya hapa hunywa maji vizuri, kwa hiyo maegesho yana mashimo ya kunyonya, yakitanguliwa na kinasa mafuta.

Wiki ya 10: Vibali

Maombi yamegawanywa. Malango na kazi zote ndani ya hifadhi ya barabara ni za mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Idhini ya ujenzi ni ya kaunti ya Mombasa, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Tathmini ya mazingira ni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Mchoro wa malango umetangulizwa KeNHA, kwani kaunti ikipitisha jengo huku lango likibadilishwa, jengo linarudi mezani upya. Kila faili lina michoro ya hali zote mbili za barabara, hesabu ya foleni ya langoni, na kielelezo cha nafasi inayofagiwa na semitrela ikikata kona.

Yanayosubiri

Kiwango cha mwisho cha lami iliyopanuliwa bado kinangojwa; tofauti ya sentimita 40 itabadilisha mteremko wa lango, ambao usizidi asilimia 4 katika mita 10 za kwanza. Mlingoti mmoja wa umeme uko ndani ya njia ya kupunguzia mwendo na gharama ya kuuhamisha haijaingizwa kwenye bajeti. Kwa wiki mbili za ufunguzi mwenye duka ameombwa aweke walinzi sita wa ukaguzi kwa zamu badala ya watatu, na aandike kila dakika 15 foleni imefika kigingi kipi: vigingi vyeupe viko kila mita 10 kutoka meza ya ukaguzi, na cha sita kimepakwa rangi nyekundu. Foleni ikikigusa, njia ya nne ya ukaguzi inafunguliwa kwenye njia ya tuktuk, na tuktuk zinapitishwa lango la malori mpaka saa ya msongamano iishe.